Kibali cha kuwinda: mgawo wa New Mexico au droo ya Montana?

Katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, wanyamapori ni mali ya umma, na vibali vingi vya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, hugawiwa kwa droo. Ugomvi ni nani awe na nafasi zaidi.

New Mexico imeandika mgawo katika sheria: 84% ya vibali vya droo kwa wakazi, 6% kwa wageni, yaani watu wa nje ya jimbo, wasio na kampuni ya kuwaongoza katika uwindaji, na 10% kwa waliokwisha kuingia mkataba na kampuni hizo. Mkazi pia anaweza kuingia katika hiyo 10%, lakini lazima alipie huduma. Hapo ndipo naona dhuluma: pesa inamfungulia mtu foleni ya pembeni. Zaidi ya hayo, wenye mashamba hupewa idhini za elki nje ya droo, nao wanaruhusiwa kuziuza.

Montana ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Mwaka 2010 wapiga kura waliufuta kupitia pendekezo I-161, wakaziingiza leseni zilizokuwa zimetengewa wateja wa kampuni katika droo ya wageni wote, na ada ya mgeni ikapanda.

Kampuni zina hoja: bila uhakika wa wateja, ni vigumu kuajiri waongozaji na kununua farasi mapema, na ajira hizo ni za wakazi. Naielewa hoja hiyo. Hata hivyo nachagua Montana, kwa sababu huko mgeni mwenye mwongozaji na asiye naye wanasubiri droo ileile.