Risiti ya EFRIS kwa wapenda magari: nzuri kwa ushahidi, si tiketi ya kukata kodi

Wanaomimina pesa kwenye Subaru ya mbio au Mercedes ya zamani inayong'arishwa kila Jumapili wameipa risiti ya EFRIS, ile ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda (URA), sifa isiyo yake: eti ukiwa nayo, gharama ya gari inakatwa kwenye mapato kabla ya kodi kupigiwa hesabu. Haiko hivyo. Risiti hiyo inathibitisha kwamba ulinunua, haisemi ulinunua kwa ajili gani. Kwa kazi ya kwanza ni chombo kizuri mno. Kwa ya pili haina neno.

Uzuri wake ni huu. Kila risiti hubeba namba yake ya pekee (FDN), namba ya uthibitisho na alama ya QR, na ukiikagua kwenye tovuti ya URA unajua papo hapo kama muuzaji ameitoa kweli. Karatasi yenyewe hufifia upesi ikiachwa kwenye joto la dashibodi, lakini kumbukumbu inabaki kwenye mfumo. Na si hiari: muuzaji anayetakiwa kutumia EFRIS akikupa kijikaratasi cha mkono, gharama hiyo haitambuliwi kwenye marejesho yako, yaani taarifa ya kodi unayowasilisha URA, hata kama matairi yenyewe yako kwenye gari. Kwa vibanda vidogo vya spea, kama vingi vya soko la Kisekka jijini Kampala, ambavyo havijafikia kuandikishwa EFRIS, risiti ya kawaida inaweza kupita, ila manunuzi yakizidi shilingi milioni 5 kwa mara moja, muuzaji asiye na TIN (namba ya mlipakodi) anakuharibia gharama yote.

Mambo huharibika kaunta. Taja TIN yako kabla muuzaji hajaanza kuandika. Akikuingiza kama mteja wa kawaida, risiti haina jina lako, na kurekebisha kunahitaji atoe krediti noti, yaani hati ya kufuta ile ya kwanza, kisha aandike upya, kazi ambayo wengi huikwepa foleni ikiwa ndefu. Kataa maelezo ya "spea" peke yake. Dai iandikwe "shokapu za mbele 2, klachi 1". Kosa baya kuliko yote liko gereji: fundi ananunua vifaa kwa TIN yake, halafu anakudai jumla kwa mdomo. Risiti ile ni gharama yake, si yako. Ama ununue mwenyewe, ama gereji ikuandikie ankara yake.

Sasa sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu gharama zilizotumika kuzalisha mapato yanayotozwa kodi, na inakataa matumizi binafsi. Mwajiriwa anayelipa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, hana pa kuyaingiza matairi ya mbio, hata awe na risiti gunia zima. Video za Marekani zinazosema upate faida miaka 3 kati ya 5 zinaeleza kanuni ya IRS, mamlaka ya kodi ya huko. Kipimo hicho hakimo katika sheria ya Uganda. Hapa swali ni kama gari linaleta mapato, na kama gharama unayodai ndiyo iliyoyaleta.

Hata likileta, angalia ukubwa wa mauzo. Biashara yenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka hutozwa kodi ya makadirio, ambayo haitazami gharama kabisa. Mwenye kukodisha gari la harusi akiingiza milioni 40 na kuweka kumbukumbu, kodi ni shilingi 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30: jumla 130,000. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa URA ajitoe kwenye utaratibu huo ili adai gharama, lakini kwa kodi ndogo namna hii, ada ya mhasibu peke yake inaweza kuizidi. Atakayefaidi ni aliyetumia karibu yote aliyoingiza, na awe na vitabu vya kueleweka.

Dereva mwenye mfadhili yuko mahali pazuri zaidi. Ufadhili ni mapato, kwa hiyo ada ya kushiriki, mafuta ya mashindano na matairi vina cha kushikamana nacho. Mfadhili aliyeteuliwa kuwa wakala wa zuio, yaani anayetakiwa kukata kodi kabla ya kukulipa, akilipa milioni 20, atakata asilimia 6, yaani milioni 1.2. Dai hati ya zuio, maana fedha hiyo inahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa. Gari likitumika pia kwenda sokoni na kanisani, weka daftari la kilomita: safari za kazi zikiwa 3,000 kati ya 12,000, unadai robo.

Tenganisha pia matengenezo na maboresho. Kubadilisha pedi za breki zilizoisha ni matengenezo, inakatwa mwaka huohuo. Turbo kubwa zaidi au fremu ya vyuma ya kumlinda dereva ni mtaji, na huingia kidogokidogo kupitia uchakavu, yaani sehemu ya gharama inayokatwa kila mwaka kadiri kifaa kinavyochakaa. Kwa gari lisilohesabiwa kisheria kuwa la kibiashara, uchakavu huhesabiwa kwa bei isiyozidi milioni 60, hata ulilipe mara mbili yake. Gari lililo katika biashara ya kukodisha halibanwi na kikomo hicho.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndiyo inayowaudhi wengi. Aliyeandikishwa VAT huona asilimia 18 imeandikwa wazi kwenye risiti ya EFRIS akadhani atairudisha. Kwa gari la abiria, pamoja na spea na matengenezo yake, hairudishwi, isipokuwa kama biashara yako ni kuuza au kukodisha magari hayo.

Mwaka wa kodi wa kawaida huisha 30 Juni na marejesho yanatakiwa kabla ya 31 Desemba kupita. Kagua risiti zako Julai, wakati muuzaji bado anakumbuka sura yako na krediti noti bado inawezekana.