Tamthilia zinazosimulia maisha ya zamani za kuangalia Krismasi: ipi ununue kwanza

Kama una fedha ya kununua moja tu kabla ya sikukuu, nunua diski ya filamu ya Little Women ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Gillian Armstrong. Nasisitiza mwaka kwa sababu hadithi hii imeigizwa mara nyingi na jina kwenye kasha ni lilelile: ipo ya 1933, ipo ya 1949, ipo ya 2019 ya Greta Gerwig. Hiyo ya 2019 ni kazi nzuri sana na mavazi yake yalishinda Oscar, lakini inaruka miaka mbele na nyuma. Mtu anayeinuka kila mara kufungulia wageni mlango atapotea. Ya 1994 inakwenda moja kwa moja: mabinti wanne na mama yao wako nyumbani Massachusetts, baba yuko kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na tunawafuata hadi kila mmoja anaposhika njia yake.

Kigezo changu cha kupanga orodha hii ni sebule iliyojaa. Krismasi huangalii peke yako. Yupo bibi, wapo watoto, yupo shemeji aliyefika jana, pengine na baba mkwe. Kwa hiyo najiuliza: wote wanaweza kukaa hapo bila mtu kulazimika kutoka? Itakwisha kabla watu hawajatawanyika? Na mwakani itatamaniwa tena? Little Women ya 1994 inajibu ndiyo mara zote tatu. Haifiki saa mbili. Krismasi imo ndani yake hasa, wala si pambo: asubuhi ya sikukuu mabinti wanabeba kifungua kinywa chao, ambacho kwa siku zile za vita kilikuwa kitu cha thamani, na kukipeleka kwa familia ya wahamiaji wenye njaa. Mtoto wa miaka minane analielewa tukio hilo bila kutafsiriwa. Winona Ryder ndiye Jo, binti wa pili, Susan Sarandon ndiye mama, na Kirsten Dunst, akiwa bado mtoto, anamwigiza Amy mdogo. Jambo moja la kujua mapema: kuna ugonjwa wa muda mrefu na kuna msiba. Kama nyumba yenu imefiwa mwaka huu, iangalie kwanza peke yako.

Nafasi ya pili naipa Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995. Ina sehemu sita, jumla kama saa tano na nusu, yaani sehemu tatu usiku wa tarehe 25 na tatu usiku wa tarehe 26. Jennifer Ehle ni Elizabeth, mmoja wa mabinti wa familia ya Bennet, Colin Firth ni Darcy, tajiri mwenye majivuno, na mwandishi wa tamthilia ni Andrew Davies. Krismasi haichukui nafasi kubwa humo, lakini hakuna tamthilia ya Kiingereza inayozua mjadala sebuleni kama hii. Mzee Bennet ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Kwa masharti ya mirathi, siku akifa nyumba na ardhi vinakwenda kwa binamu, Collins, na mjane atatoka na mabinti zake. Aliyewahi kuketi kwenye kikao cha ukoo cha kugawa mali hahitaji maelezo zaidi. Mama Bennet, anayeigizwa na Alison Steadman, anapiga kelele kutoka mwanzo hadi mwisho, na mara ya kwanza watu wote humcheka. Mkirudia mwakani mtaona kwamba katika nyumba ile ni yeye anayejali kweli watakula nini mume akiondoka. Kwa kugundua mambo ya namna hiyo, diski hii inastahili kununuliwa badala ya kukodishwa. Ile filamu ya 2005 ya Keira Knightley, yenye saa mbili na dakika chache, inapendeza machoni, ila mambo ya Collins na ya Wickham, yule afisa mlaghai, yanapitishwa mbio mno.

Ya tatu ni Call the Midwife, na hapa namaanisha vipindi vyake maalumu vya Krismasi, ambavyo BBC imekuwa ikivitoa kila mwaka tangu 2012. Ni habari za wakunga na masista wanaozunguka kwa baiskeli mitaa maskini ya Poplar, mashariki mwa London, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ubora wake kwa mnunuzi ni kwamba kila kipindi cha Krismasi kinajitosheleza. Mgeni asiyewajua wahusika ataelewa. Anza na kile cha 2012, chenye kichanga kilichoachwa mlangoni kwa masista na bibi kizee aliyepitia nyumba ya kazi ya maskini, ambako wasio na kitu walihifadhiwa huku wakifanyishwa kazi ngumu. Cha 2016 kinawapeleka wakunga Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, kwenye hospitali ya misheni iliyoishiwa karibu kila kitu. Kwa sababu moja tu sikuiweka juu zaidi: uzazi unaonyeshwa wazi. Akina mama watafurahi na kusimuliana yao, lakini mbele ya baba mkwe kunaweza kuwa na ukimya mzito.

Ya nne, A Christmas Carol ya mwaka 1984, George C. Scott akiwa Scrooge, mzee bahili anayetembelewa na mizimu usiku wa kuamkia Krismasi. Ilipigwa picha katika mji wa Shrewsbury, Uingereza, na jiwe la kaburi la Scrooge lililotumika kwenye filamu liliachwa kwenye uwanja wa kanisa la St Chad's. Watoto wataogopa kidogo, kisha watalala vizuri. Hapa pia soma mwaka kwenye kasha, maana ya BBC ya 2019, yenye Guy Pearce, ni nzito, ina giza na mambo ya watu wazima. Usiwawekee watoto kwa kudhani ni ileile.

Downton Abbey, habari za familia ya mabwanyenye wa Uingereza na watumishi wao katika jumba moja, nimeishusha hadi ya tano ingawa naipenda mno. Ina sehemu 52 katika misimu sita, na hakuna sikukuu inayotosha. Wengi hununua vipindi vya Krismasi peke yake, na hapo ndipo fedha inapotea, kwa kuwa vinategemea yote yaliyotangulia. Kile cha 2012, kilichorushwa siku yenyewe ya Krismasi, kinaishia kwa pigo lililowaudhi watazamaji wengi Uingereza. Nunua msimu wa kwanza tu, unaoanza na habari za kuzama kwa Titanic mwaka 1912, uone kama nyumba yako inautaka wa pili.

Ukiwa na mama yako tu, ninyi wawili, chukua Cranford ya 2007, hadithi ya wanawake wa mji mdogo wa Uingereza, yenye Judi Dench pamoja na nyongeza yake ya Krismasi ya 2009. Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa Netflix tarehe 25 Desemba 2020, ina mapenzi ya waziwazi; waachie wanandoa chumbani kwao.

Sasa ununuzi wenyewe. Ndugu akikuletea diski kutoka nje, tazama namba ya kanda (region) nyuma ya kasha, inayoonyesha diski itacheza kwenye mashine za nchi zipi. Marekani na Canada ni kanda 1, Uingereza na nchi za Ghuba ni kanda 2, na Afrika Mashariki tumewekwa kanda 5. Aliyenunua Muscat na aliyenunua London wanaweza kubadilishana. Ukiipeleka Moshi au Kisumu, hakikisha mashine inasoma kanda zote. Tafuta pia maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwa sababu lafudhi za Poplar huwashinda hata wanaokijua Kiingereza vizuri. Kwa wanaotegemea huduma za kulipia kwa mwezi, kumbuka kwamba filamu iliyopo Novemba inaweza kuondolewa Desemba mkataba ukiisha, na ulichopakua kwenye simu kina ukomo wa siku. Kama mnasafiri kwenda kijijini, pakueni siku ya kuamkia safari mkiwa bado kwenye intaneti ya uhakika, kisha fungueni kila faili dakika moja kuona kama inacheza bila bando.