Uzoefu wangu na kingamwili ya 53BP1

Katika maabara yetu hapa Kampala nimetumia kwa miezi minane kingamwili ya sungura inayotambua 53BP1, mojawapo ya protini zinazoamua, pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika, iwapo ncha zake zitaungwa moja kwa moja au zitachongwa kwanza ili zikarabatiwe kwa kufuata nakala nzima, njia ambayo huhitaji protini nyingine iitwayo BRCA1.

Chupa ya mikrolita 100 ilipokelewa Entebbe mifuko ya barafu ikiwa imekwisha kuyeyuka. Niliingiwa na wasiwasi, lakini kingamwili hii huhifadhiwa ndani ya gliseroli na haikuonyesha dalili ya kudhoofika. Siku hiyohiyo niliigawa katika vichupa vya mikrolita 10 na kuviweka kwenye friza ya nyuzi -20, si ile inayojiyeyusha barafu yenyewe.

Kwenye hadubini sina lawama. Seli za U2OS (seli za saratani ya mfupa wa binadamu zinazokuzwa maabara) nilizozitia etoposaidi, dawa ya saratani inayosababisha mikatiko ya DNA, zilionyesha ndani ya kiini vidoa vya kijani vilivyojitenga vizuri hata mtu angeweza kuvihesabu kimojakimoja, ilhali seli ambazo hazikutiwa dawa zilikuwa na rangi iliyotawanyika na kidoa kimoja au viwili tu. Nilipoinyamazisha jeni ya 53BP1, vidoa vilitoweka, na hapo ndipo nilipoanza kuiamini kingamwili hii.

Kwenye jeli, ambamo protini hutenganishwa kwa ukubwa kisha huhamishiwa kwenye utando na kutiwa kingamwili, mambo yalikuwa mengine. Kwa hesabu ya asidi amino zake, protini hii ina uzito wa kilodaltoni 214 hivi, nami nikautafuta mstari wake hapo, nikaukosa mara mbili. Ukweli ni kwamba husafiri polepole kuliko uzito wake unavyoashiria, na mstari hutokea juu ya alama ya kilodaltoni 250, yaani katika kile kipande cha utando ambacho mimi, kwa ubahili wa kutaka kubana kingamwili, nilikuwa nimekikata na kukitupa kwenye pipa la taka. Karatasi ya maelezo iliyokuja na chupa ilitaja 214 peke yake, jambo ambalo naliona ni uzembe wa mtengenezaji. Tangu nilipoanza kutumia jeli ya asilimia 6, kupunguza methanoli kwenye bafa na kuacha protini ihamie kwenye utando usiku kucha ndani ya chumba cha baridi, mstari hujitokeza bila shida, ikiwa umeme haukukatika katikati.

Chupa ya pili ilikuja na namba nyingine ya toleo. Kipimo cha kuizimua cha 1:500 kilichonifaa mwanzoni kiliuchafua utando wote, ikabidi nianze kupima upya hadi nikatulia kwenye 1:2000. Kwa kazi ya hadubini nitainunua tena; kwa jeli nimeshaagiza ya monokloni, yaani inayotokana na ukoo mmoja wa seli.