Tahadhari: ndege za redio za zamani zinazouzwa kwa jina la "zimekarabatiwa, tayari kuruka"

Wapenzi wa ndege za modeli zinazoongozwa kwa rimoti, hasa mnaotafuta zile za balsa, yaani mbao nyepesi sana, za miaka ya 1960 na 1970, kaeni chonjo. Kuna muuzaji mtandaoni anayeuza ndege hizi kwa maneno "imekarabatiwa yote, tayari kuruka", na alichokarabati ni ngozi ya nje tu. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana anabadilisha majina na akaunti. Mtambueni kwa mtindo wake.

Tangazo lake lina picha nyingi na nzuri. Rangi inang'aa, injini imesuguliwa ikameremeta, ndege imewekwa kwenye nyasi. Zote ni picha za nje. Hakuna hata moja inayoonyesha tumbo la ndege likiwa wazi, wala bawa kwa upande wa chini. Anaandika kwamba redio, yaani rimoti na kipokezi chake cha ndani ya ndege, ni ileile ya asili na inafanya kazi, halafu anaweka video fupi ya sevo, zile mota ndogo zinazosogeza mkia na mabawa, zikicheza mezani. Ukianza kuuliza maswali, unaambiwa kuna mtu mwingine anaitaka na atalipa leo. Kisha anakupunguzia bei, ilimradi ukubali kutuma pesa kwa njia ile ya kutumiana ndugu na marafiki badala ya njia ya manunuzi. Punguzo hilo ndilo mtego wenyewe, kwa sababu njia hiyo haina ulinzi wowote kwa mnunuzi.

Nawaeleza nilichokikuta kwenye ndege aliyoniuzia, ili mjue pa kuangalia.

Nilianza puani. Kuzunguka ubao unaobeba injini, plastiki ya kufunikia ilikuwa na mapovu madogo madogo, na kingo zake zilikuwa zimekazwa kwa gundi ya haraka badala ya kushikwa na joto la pasi. Nikachana kipande. Chini yake balsa ilikuwa nyeusi, imelowa mafuta kiasi kwamba ukiibonyeza kwa ukucha inaingia kama sabuni. Injini hizi zinatumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na zamani yalitumika sana mafuta ya nyonyo. Methanoli inakauka hewani, mafuta yanabaki, yanapenya kwenye mbao mwaka baada ya mwaka. Mbao iliyolowa hivyo haishiki gundi wala plastiki, na nguvu yake inakwisha. Ubao wa injini ulicheza nilipoushika kwa vidole viwili. Hebu fikirieni injini inayozungusha propela zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ikiwa imefungwa hapo, na mtu amesimama pembeni akiiwasha kwa mkono. Fundi wa kweli anaikata sehemu hiyo na kuweka mbao mpya, au anayanyonya mafuta kwa poda na joto la taratibu, anarudia na kurudia mpaka mbao ikauke, ndipo anafunga kwa gundi ya epoksi. Huyu aliibandikia plastiki mpya juu na kuipiga picha.

Kilichonikasirisha zaidi ni nyaya za betri. Betri za nikeli-kadmiamu za zamani zina ugonjwa unaojulikana: zikikaa miaka mingi, kemikali ya ndani inapenya na kutambaa kwenye waya wa upande wa hasi. Shaba inakuwa nyeusi na kukatika ovyo, na risasi ya kulehemu haishiki tena. Ugonjwa huo unaweza kusafiri kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi na hata kwenye kipokezi. Mezani kila kitu kinaonekana kizima, kwa sababu sevo zisizo na mzigo hazivuti umeme mwingi. Angani, upepo unaposukuma mkia na sevo zikafanya kazi kwa nguvu, umeme unashuka ghafla na ndege inaacha kukusikiliza. Sasa tazameni alichofanya. Alinunua betri mpya kweli, volti 4.8, akaiunganisha na nyaya zilezile za zamani, na penye kiungo akavisha mpira mweusi unaonywea kwa joto. Nilipouchana mpira, waya ulikuwa mweusi tii na ulivunjika nilipoupinda. Huwezi kuvisha kiungo hicho bila kuona rangi ya shaba. Aliiona na akaifunika.

Mengine nayapitia haraka. Baadhi ya bawaba za elevata, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, hazikuwa na gundi kabisa, zilishikwa na plastiki ya juu tu. Pembe za nailoni, zile ambazo fito za sevo huvuta kugeuza vibao vya mkia na mabawa, zilikuwa zimechoka kwa umri, moja ikakatika mkononi. Injini iling'aa nje, lakini beringi zilikuwa na kutu, ukizungusha shafti unasikia inakwaruza. Methanoli hufyonza unyevu, na injini iliyohifadhiwa bila kusafishwa huliwa kutoka ndani.

Kuhusu redio ya asili, msidanganyike na neno asili. Ni kitu kizuri cha kuweka kabatini, na naelewa mapenzi ya mtu kwa rimoti ya zamani yenye antena ndefu. Lakini seti za megahezi 27, 35 au 72 hutegemea kristali, kipande kinachopanga chaneli, na mwingine akiwasha rimoti ya chaneli hiyohiyo, ndege yako imekwenda. Zaidi ya hapo, baadhi ya seti kongwe haziruhusiwi tena kutumika katika nchi kadhaa. Wengi wanaorusha ndege za zamani leo huweka redio ya kisasa ya gigahezi 2.4 ndani ya mwili wa zamani, na hilo haliipunguzii ndege heshima yake hata kidogo. Anayekuuzia seti kongwe kwa kauli ya "tayari kuruka" akuonyeshe jaribio la umbali: antena imefupishwa, injini inanguruma, mtu anatembea kuelekea mbali na sevo hazitetemeki. Huyu muuzaji nilipomwomba video hiyo alisema antena ni dhaifu, hataki kuigusa.

Nilipomtumia picha za kila nilichokikuta, jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba ndege iliharibika njiani. Waya haugeuki mweusi njiani, wala balsa hailowi mafuta ndani ya boksi. Nilipomwambia hivyo, akanifungia mawasiliano. Baadaye nikaziona picha zilezile kwenye tangazo jingine, jina jingine, ndege ikiwa na kovu lilelile dogo kwenye ncha ya bawa la kushoto. Yaani anatangaza ndege ambayo ipo kwangu. Aliyeilipia hiyo sijui atatumiwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ombeni picha za ndege ikiwa mifupa mitupu. Mtu aliyekarabati kwa mikono yake anazo, na atazituma kwa furaha kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya kazi anayojivunia. Ombeni picha ya ndani iliyopigwa leo, pamoja na karatasi yenye jina lenu. Ombeni bawa limulikwe kwa tochi kwa nyuma, mbavu zilizovunjika zitaonekana kama plastiki inapitisha mwanga. Muulizeni uzito, na ndege inasimama sawa ikishikwa wapi. Kwa nyingi za aina hii ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Asiyejua jibu hajawahi kuirusha. Picha za tangazo nazo zitafuteni mtandaoni mwone kama zimewahi kutumika kwingine.

Na kama umeshaipokea ndege ya namna hii, usiiwashe. Ndege ya kilo tatu isiyosikia rimoti inaweza kuua mtu. Piga picha ya boksi, ya kila kiungo unachokifungua na ya tangazo lenyewe kabla hajalifuta, kisha fungua malalamiko kwenye huduma uliyolipia siku hiyohiyo, maana muda wa kulalamika una mwisho. Usikubali akuambie usubiri kwanza "tumalizane wenyewe", ndivyo anavyouvuta muda mpaka upite. Ujumbe wake msiufute, na mwenye mazungumzo naye ayaweke hapa chini tuyalinganishe, kwa sababu maneno yake hayabadiliki hata akibadili jina.