Uzoefu wangu na doubanjiang ya Pixian katika kupika tofu ya mapo

Kwa yeyote anayetaka kupika nyumbani tofu ya mapo, yaani tofu (jibini la soya) na nyama ya kusaga katika mchuzi mkali wa pilipili, na ikakaribia ladha ya Chengdu, jiji la mkoa wa Sichuan nchini China, nashauri fedha yake ya kwanza aitumie kununua doubanjiang ya Pixian. Nimepika tofu hiyo kwa muda mrefu hapa Dar es Salaam, nikinunua doubanjiang kwa pakiti katika maduka ya vyakula vya Kichina, na sijaona sosi ya pilipili ya dukani inayoweza kushika nafasi yake.

Doubanjiang ni rojo zito la pilipili nyekundu na maharage mapana, yale ambayo Wamisri hupikia ful, yaliyochachushwa pamoja na chumvi na unga wa ngano. Pixian, ambayo siku hizi ni wilaya ya Pidu ya jiji la Chengdu, huiivisha katika mitungi mikubwa inayoachwa wazi juani mchana na kwenye umande usiku, ikikorogwa mara kwa mara na kufunikwa mvua inaponyesha. Iliyokaa mwaka mmoja huwa bado nyekundu. Iliyokaa miaka 3 huwa ya kahawia iliyokoza na harufu yake ni nzito zaidi. Mimi huchagua hiyo ya pili inapopatikana. Ukifungua pakiti utakuta vipande vya pilipili vinavyong'aa na maharage yaliyolainika lakini bado yana umbo lake, kwa hiyo ni lazima uyakatekate kwa kisu kabla ya kupika.

Ubora wa bidhaa hii huonekana kwenye mafuta. Kwa gramu 400 za tofu laini, mimi hutumia vijiko 2 vya chakula. Kwanza huikaanga nyama ya kusaga mpaka ikauke na kuanza kuwa ya kahawia (Wachengdu hutumia ya ng'ombe, jambo linalotufaa sana sisi tusiokula nguruwe), kisha hupunguza moto na kutia doubanjiang. Mwanzoni mafuta huchafuka na kuwa kama tope, lakini ukiendelea kugeuza taratibu bila kuongeza moto, maji yaliyomo hukauka, mapovu huwa madogo, na mafuta hujitenga yakiwa mekundu na safi, huku harufu kali ya uchachu ikigeuka kuwa harufu tamu ya kukaangwa. Hapo ndipo hufuata kitunguu saumu, tangawizi na soya nyeusi zilizochachushwa, kisha supu kidogo. Anayeharakisha hatua hii atapata mchuzi mwekundu wenye uchungu, na atailaumu bidhaa bure.

Tofu huikata vipande vya sentimita 2 na kuilaza katika maji ya moto yenye chumvi kidogo, ambayo huiondolea harufu ya soya mbichi na kuifanya isivunjike upesi. Ikishaingia kwenye mchuzi, huisukuma kwa mgongo wa upawa badala ya kuikoroga. Wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji huutia mara 3, kidogo kidogo, kwa sababu tofu huendelea kutoa maji na mchuzi ukifanywa mzito kwa mara moja hulegea tena mezani.

Doubanjiang peke yake haitoshi, kwa kuwa huleta ukali tu. Ganzi ya midomoni hutoka kwa huajiao, kiungo kiitwacho pia pilipili ya Sichuan, ambayo haina undugu na pilipili manga bali ni ya jamii ya michungwa. Mwaka 2013 watafiti wa London walieleza kwamba mtekenyo wake mdomoni hulingana na mtetemo wa mara 50 kwa sekunde. Nunua maganda yenye harufu inayokaribia ya limau, uondoe mbegu nyeusi, uyakaange makavu, uyasage na kunyunyizia mwishoni. Huajiao niliyowahi kuuziwa katika mfuko uliokaa rafuni kwa muda mrefu haikuwa na ganzi wala harufu, na hakuna namna ya kuifufua.

Kasoro kubwa ya doubanjiang ni chumvi. Ni nyingi mno, kiasi kwamba mimi siongezi nyingine wala sosi ya soya mpaka nionje mwishoni, na mwenye shinikizo la damu aifikirie mara mbili. Pia, pakiti nyingi zimeandikwa Kichina pekee, ilhali kuna mambo mawili ambayo mlaji anastahili kuyajua: kuna ngano ndani yake, na maharage mapana yanaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si ya nadra katika nchi zenye malaria kama zetu. Wauzaji wangebandika maelezo hayo kwa Kiswahili, wangetutendea haki.

Ukishaifungua, ihamishie kwenye chupa kavu ya kioo, uifunike kwa mafuta kidogo juu, uiweke kwenye friji na uichote kwa kijiko kikavu. Itakaa miezi mingi, na itakufaa pia kwa biringanya na kwa samaki wa mchuzi.