VPN ya Kulipia: Unanunua Nini Hasa, na Ununue Ipi

Matangazo ya VPN yana kawaida ya kukutisha kwanza ndipo yakuuzie kinga. Utaambiwa kuna mdukuzi kwenye waifai ya hoteli, utaonyeshwa nywila ya benki ikiibwa, kisha pembeni kuna saa inayokimbia kukuonya kwamba punguzo linakwisha baada ya dakika chache. Rudi kesho kwenye ukurasa uleule, saa utaikuta imeanza upya.

Kazi yenyewe ya VPN ni ndogo kuliko matangazo yake. Inasimba mawasiliano yanayotoka kwenye simu au kompyuta yako, yaani inayageuza yasisomeke na mtu wa njiani, inayapeleka kwenye seva ya kampuni ya VPN, na kutoka hapo ndipo yanaelekea yanakokwenda. Kampuni inayokuuzia intaneti haioni tena unatembelea tovuti gani. Tovuti nayo inaona anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho mtandaoni) ya seva ile, haioni yako. Basi. Mengine ni chumvi.

Chukua mfano wa mtu anayefungua tovuti ya benki bila VPN. Karibu tovuti zote za maana siku hizi zinatumia HTTPS, njia ya kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, kwa hiyo nywila, salio na miamala vimeshasimbwa kabla ya kutoka kwenye kivinjari. Mwenye waifai hawezi kuvisoma. Anachoweza kuona ni jina la benki, saa uliyoingia na kiasi cha data kilichopita. Sasa washa VPN. Jina la benki limefichika kwa mwenye waifai, lakini jicho lililokuwa kwake limehamia kwa kampuni ya VPN. Kwa hiyo unaponunua unachagua wa kumwamini, na imani hiyo lazima iwe na ushahidi. Kasi, idadi ya nchi na rangi za programu vinakuja baadaye sana.

Wala usidhani VPN itakuficha kwa Google au Facebook ukiwa umeingia kwa akaunti yako mwenyewe. Haifuti vidakuzi (vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili kukutambua), haiui virusi, na ukiandika nywila kwenye ukurasa wa tapeli, itaifikisha kwa tapeli huyo salama salimini.

Kwa nini ulipie wakati za bure zimejaa? Kwa sababu seva zina gharama na lazima mtu azilipe. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, iliyokuwa ikitolewa bure, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake kwa wateja wengine, kiasi kwamba mtu usiyemjua angeweza kupita kwa anwani yako. Onavo, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, iliisaidia Facebook kujua watu wanatumia programu zipi za washindani. Kinga ilikuwa ndiyo mlango wa upelelezi.

Ila kulipa peke yake si dawa. Kila kampuni huandika kwamba haitunzi kumbukumbu za matumizi, na kuandika ni rahisi. IPVanish iliandika hivyo, lakini mwaka 2016 ikawapa wapelelezi wa Marekani taarifa za mteja wake. Mwaka 2017 taarifa kutoka PureVPN ziliisaidia FBI kumkamata mtu aliyekuwa akimsumbua mwenzake mtandaoni. Huyo mshukiwa humwonei huruma, lakini swali linabaki: taarifa hizo zilitoka wapi, kama hazikuwa zikitunzwa?

Ndiyo maana mimi nazipima kampuni kwa yaliyotokea siku polisi walipogonga mlango. Baada ya hapo natazama kama zimekaguliwa na watu wa nje, kama msimbo wa programu zao uko wazi kwa yeyote kuusoma, na nani anazimiliki.

Kwa vipimo hivyo naiweka Mullvad ya Uswidi namba moja. Kufungua akaunti ni kubofya mara moja: unapewa namba yenye tarakimu 16, na hiyo ndiyo akaunti nzima. Hakuna barua pepe, hakuna jina, hakuna nywila. (Iandike mahali. Ukiipoteza, hawana njia nyingine ya kukutambua.) Unaweza hata kutuma noti ndani ya bahasha. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi, wakitaka kuchukua kompyuta zenye taarifa za wateja. Walielezwa kwamba taarifa hizo hazipo, wakaondoka mikono mitupu. Bei ni yuro 5 kwa mwezi tangu 2009, ulipie mwezi mmoja au mwaka, na hakuna makato yanayojirudia yenyewe. Kasoro zipo: vifaa ni vitano tu, na huduma za filamu mara nyingi huzizuia seva zake. Kama lengo lako kuu ni kutazama vipindi vya nchi nyingine, ruka hadi namba mbili.

Namba mbili ni Proton VPN ya Uswisi, na kwa watu wengi wa kawaida pengine ndiyo inayofaa zaidi. Inatoka kwa waanzilishi wa Proton Mail, wanasayansi waliokutana CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Programu zake zote zina msimbo ulio wazi, na anayelipia anaunganisha vifaa 10. Ndiyo VPN ya bure pekee ninayoweza kumpa ndugu yangu bila wasiwasi: data haina kikomo, ila ni kifaa kimoja na huchagui nchi. Inaendeshwa kwa pesa za wanaolipia, na wala hawafichi kwamba wanatarajia siku moja nawe ulipie. Bei yake ya mwezi mmoja mmoja iko juu. Nafuu inaanza ukilipia mwaka.

Nafasi ya tatu nazipa NordVPN na Surfshark kwa pamoja, kwa kuwa tangu 2022 ziko chini ya paa moja. Ni za kasi, rahisi kutumia, na kampuni ya ukaguzi ya Deloitte imezikagua zote mbili. Surfshark haina kikomo cha vifaa, jambo linalosaidia familia yenye simu nyingi. Doa la NordVPN ni la 2018, seva yake iliyokuwa Finland ilipoingiliwa na mdukuzi. Umma ukaja kuambiwa Oktoba 2019. Seva kuingiliwa hutokea, lakini ule ukimya ndio ulioniudhi.

ExpressVPN naiweka ya nne, na hapa nitabishiwa. Rekodi yake ni nzuri: nchini Uturuki, wachunguzi wa mauaji ya balozi wa Urusi Andrei Karlov, aliyeuawa Desemba 2016, walikamata seva yake wakaambulia patupu. Kinachonisumbua ni mwenye mali. Mwaka 2021 ilinunuliwa na Kape Technologies, kampuni iliyoitwa zamani Crossrider, ambayo jukwaa lake lilitumiwa kusambaza programu za kulazimisha matangazo. Kape hiyohiyo inamiliki VPN nyingine, CyberGhost na Private Internet Access, na mwaka huohuo ilinunua kampuni inayochapisha vpnMentor, tovuti inayopanga VPN bora. Mchezaji kamnunua refa! Hata tovuti zisizomilikiwa na kampuni ya VPN nyingi hulipwa kamisheni kwa kila mteja anayepita kwao. Mullvad hailipi kamisheni, kwa hiyo usishangae kutoiona juu kwenye orodha nyingi.

Ukiona "usimbaji wa kiwango cha jeshi," pita tu. Ni AES-256, mbinu ya kawaida ya usimbaji, na karibu kila mmoja anayo. Kilicho cha maana ni kuwepo kwa WireGuard, protokoli nyepesi (kanuni za kuunganisha kifaa chako na seva) iliyoingizwa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2020, na zote tano nilizotaja ama wanaitumia au wana ya kwao ya aina hiyo. Kuhusu sheria, China, Urusi na Iran zinabana VPN vikali, kwa hiyo kama unasafiri, soma kanuni za unakokwenda na usakinishe kabla ya kuondoka.

Usilipie miaka miwili siku ya kwanza, hata saa ikimbie vipi. Lipia mwezi, na usome maandishi madogo yanayotaja bei ya kuhuisha, kwani mara nyingi ni kubwa kuliko ile iliyokuvutia. Kisha ijaribu. Washa kile kipengele kinachokata intaneti VPN inapoanguka, anza kupakua faili kubwa, halafu ubadilishe kutoka waifai kwenda data ya simu. Upakuaji usimame hadi VPN iunganike tena. Fungua pia tovuti ya kupima uvujaji wa DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP: jina la kampuni yako ya intaneti likijitokeza pale, rekebisha mipangilio, na likiendelea kutokea, dai pesa zako. Kampuni nyingi kubwa hutoa siku 30 za kurejeshewa, na siku hizo huanza kuhesabiwa tangu ulipolipa.