Uwatu wa mchuzi: ununue upi kwanza?

Simama kwenye duka la viungo Marikiti ya Mombasa au Darajani, Unguja, useme "nipe uwatu", na muuzaji atakuuliza: wa punje, wa unga, au majani? Wengi hujibu unga, kwa kuwa hauhitaji kinu wala kikaango. Mimi unga nauweka wa mwisho kabisa.

1. Punje nzima

Kama una pesa ya aina moja tu, chukua punje. Ukitaka unga utazisaga, ukitaka ute utaziloweka, na ukitaka majani utazipanda. Unga hauwezi kurudi kuwa punje.

Punje nzuri ni ngumu kama kokoto, za manjano iliyoiva kuelekea kahawia, zenye pembe na mfereji mmoja unaokatiza ubavuni. Omba chache kiganjani kabla hazijapimwa. Tazama kama zina vumbi, vijiti, au vitobo vya wadudu. Usinunue nyingi. Gramu 100 zitakufikisha mbali, maana chungu cha watu sita kinataka nusu kijiko cha chai.

Kazi yenyewe iko kwenye moto. Ziweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukoroge bila kuondoka. Mwanzo hutasikia kitu. Kisha rangi inakolea kidogo, na inapanda harufu tamu kama shira inayoanza kushika rangi. Hapo hapo zimwage kwenye sahani baridi, kwa sababu kikaango kina joto la kuendelea kuzipika hata ukizima jiko. Zikishafika wekundu wa tofali zimeharibika. Mimi nimewahi kupoteza mchuzi wa nguru wa watu wanane namna hiyo: nilizitupa kwenye mafuta yanayofuka moshi, nikageuka kuchukua vitunguu, na niliporudi zilikuwa nyekundu. Nikaongeza tui zito, nikakamua ndimu, nikatia viazi. Uchungu ulibaki palepale, mwisho wa ulimi, na sufuria ikarudi jikoni imejaa. Tangu siku hiyo vitunguu vinakatwa kabla mafuta hayajawekwa motoni.

Punje ndizo zinazoingia kwenye achari ya embe na ya ndimu. Huko Bengali zimo kwenye mchanganyiko wao wa viungo vitano, panch phoron, pamoja na jira, shamari, haradali na habasoda, vyote vizima, vikirushwa kwenye mafuta kabla ya dengu au mboga.

2. Majani makavu (kasuri methi)

Hii ndiyo harufu unayoikumbuka ukitoka kwenye mkahawa wa Kihindi na hujui waliweka nini. Kuku makhani bila majani haya ni kuku wa nyanya na siagi tu. Jina limetokana na Kasur, mji wa Punjab upande wa Pakistani, ingawa siku hizi mengi hulimwa Nagaur, katika jimbo la Rajasthan, India.

Punje hufungua chungu, majani haya hukifunga. Chukua kijiko kimoja kikubwa, yapashe sekunde chache kwenye kikaango kikavu, yasage kati ya viganja viwili juu ya sufuria, koroga, funika, na baada ya dakika mbili epua. Ukiyatia mwanzoni pamoja na vitunguu, harufu yote itaondoka na mvuke.

Dukani chagua pakiti inayoonyesha kilichomo. Unatafuta kijani kilichofifia, chenye majani kuliko vijiti. Yakiwa ya manjano kama nyasi za kiangazi, yarudishe. Tikisa pakiti: ikiwa chini kumejaa vumbi, yamekaa sana. Nyumbani yahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko.

3. Majani mabichi

Haya nayapenda sana, ila yako nafasi ya tatu kwa kuwa hayapatikani kila mahali na hayangoji. Nairobi na Mombasa wauza mboga wenye wateja Wahindi huyauza kwa fungu, kwa jina la methi. Chagua fungu la majani madogo lisilo na maua, kwani likishachanua linakuwa chungu zaidi. Chambua majani, tupa mashina manene, na osha mara tatu, kwa maana mchanga hukaa shinani. Ukitaka kupunguza uchungu nyunyizia chumvi, acha robo saa, kisha kamua. Halafu pika na viazi: hayo ni mapishi yasiyohitaji nyama.

Ukikosa sokoni, panda punje zako kwenye beseni lenye udongo. Huchipua ndani ya siku chache, na baada ya wiki tatu au nne unakata majani. Machipukizi yenyewe usiyale mabichi. Mwaka 2011 watu zaidi ya 50 walikufa Ujerumani kwa bakteria wa E. coli, na uchunguzi ulielekeza kwenye machipukizi ya uwatu yaliyotoka kwenye mbegu za Misri. Yapike yaive.

4. Unga

Uwatu uliosagwa hupoteza harufu haraka na kubakiza uchungu. Ukiwa kwenye kopo lililo wazi dukani, huwezi kujua umekaa miezi mingapi wala umechanganywa na nini. Ukilazimika, nunua kiasi kidogo kilichofungwa, tia robo kijiko cha chai kwenye vitunguu vinavyokaangwa, na usizidishe, kwa sababu pia unafanya mchuzi uwe mzito na wa kuteleza. Wayemeni hutumia tabia hiyo kwa makusudi: huloweka unga, huupigapiga mpaka unatoa povu, ndiyo hulba inayowekwa juu ya saltah, mchuzi wao wa nyama.

Kabla hujalipa, mambo mawili. Uwatu ni wa jamii ya kunde, hivyo mwenye mzio wa karanga aulize daktari kwanza. Na geuza pakiti ya bizari ya mchuzi uliyonayo nyumbani usome viambato: mara nyingi uwatu umo tayari, na ukiongeza mwingine mchuzi utakuwa mchungu.